Beji ya Manowari New York

Katika vitu vichache anavyobaki navyo baharia wa kijeshi baada ya kuaga utumishi, hakuna, kwa rai yangu, chenye habari nyingi katika nafasi ndogo kuliko beji ya kitambaa iliyotariziwa kwa nyuzi za rangi, ile ambayo hushonwa kwenye vazi lake la kazi ikitangaza jina la meli aliyoitumikia, pamoja na nembo na wito wake. Manowari yenyewe mwisho wake aghalabu ni kuvunjwa ikauzwa chuma chakavu, au kuzamishwa kwa makusudi katika mazoezi ya shabaha; lakini kipande hicho cha nguo, ambacho hakizidi upana wa kiganja, hukaa sandukuni miaka na miaka, na wajukuu wakikitoa huanza kuuliza maswali.

Beji ninayokusudia kuieleza ni ya manowari ya Marekani iitwayo New York, chombo chenye urefu wa mita 208 hivi na uzito wa tani zipatazo 25,000, ambacho kazi yake ni kuchukua askari wa Marine wapatao 700 na kuwateremsha pwani, hata pasipo na bandari. Kwenye tezi pana lango kubwa; likifunguliwa, maji ya bahari huachwa yaingie katika hodhi iliyo tumboni mwa meli, na vyombo vya kutua ufukweni vikaelea na kutoka vikiwa vimesheheni watu na zana, hali helikopta zikiruka kutoka sitaha ya juu. Meli za namna hii hazina fahari ya zile zibebazo ndege za kivita, na aghalabu magazeti huzitaja pale tu kunapokuwa na vita au msiba wa kuokoa watu.

New York, hata hivyo, ilipata umaarufu kabla haijagusa maji, kwa sababu ya chuma chake. Baada ya mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001, yaliyoangusha majumba pacha ya World Trade Center na kuua watu 2,753 mahali pale, kiasi cha tani saba na nusu za chuma cha pua zilichukuliwa kutoka kwenye kifusi, zikapelekwa Amite katika jimbo la Louisiana, na mwezi Septemba 2003 zikayeyushwa na kusubiwa ziwe sehemu ya gubeti, yaani ile ncha ya mbele inayopasua mawimbi. Meli ilikuwa ingali ikiundwa karibu na New Orleans ilipokuja tufani ya Katrina mwaka 2005, na wengi wa mafundi walirejea kazini hali nyumba zao wenyewe zimeharibiwa. Tarehe 2 Novemba 2009, ilipoingia mara ya kwanza katika mji wa New York, ilisimama mkabala wa mahali palipoanguka majumba yale ikapiga mizinga 21. Na siku tano baadaye ikaingizwa rasmi katika utumishi.

Sasa na tuitazame nembo iliyotariziwa kwenye beji, kwani hakuna alama iliyowekwa pale kwa pambo tupu. Miale saba ya nuru ni ile ya taji la Sanamu ya Uhuru isimamayo bandarini New York, na idadi yake ni ya bahari saba. Mchoro wa kijivu ulio katikati, wenye umbo la kabari, unasimamia mambo mawili kwa pamoja: majumba pacha, na gubeti lililosubiwa kwa chuma chake. Milima na maziwa ni ardhi ya jimbo la New York. Nyota tatu ni heshima za vita alizozipata mtangulizi wa meli hii, manowari New York ya mwaka 1914, iliyopigana Afrika ya Kaskazini, Iwo Jima na Okinawa, ikanusurika hata milipuko ya majaribio ya bomu la atomiki huko Bikini mwaka 1946.

Kisha yuko feniksi, yule ndege wa hekaya za Wayunani ambaye huungua akawa majivu na kufufuka, naye anainuka kutoka katika miali ya moto. Kifuani pake ana ngao ndogo, na hapa ndipo ninapomsihi msomaji akaze macho, maana rangi za ngao hiyo hazikutoka jeshini: ni za askari polisi wa mji wa New York, za wazimamoto wake, na za Mamlaka ya Bandari ya New York na New Jersey. Siku ile ya mashambulizi walikufa wazimamoto 343, polisi wa mji 23 na polisi wa Mamlaka ya Bandari 37, wengi wao wakipanda ngazi wakati wengine wakishuka. Na matone ya damu yaliyotiwa katika nembo ni kumbukumbu yao na ya raia waliokufa pamoja nao. Wito wa meli, ukitafsiriwa, ni huu: nguvu iliyofuliwa kwa kujitoa mhanga, kamwe tusisahau.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam hatahitaji kuelezwa sana maana ya maneno hayo, kwani kundi la al-Qaida, lile lile lililofanya mashambulizi ya Septemba 2001, ndilo lililolipua balozi za Marekani katika miji hiyo miwili tarehe 7 Agosti 1998, likaua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, walio wengi wakiwa wenyeji waliokuwa katika shughuli zao za kila siku.

Utarizi wenyewe ni sanaa yenye historia. Mwaka 1863 Isaak Gröbli wa Uswisi aliunda mashine ya kutarizi itumiayo uzi wa juu na uzi wa chini kwa kanuni ya cherehani, na kwa mashine hiyo kazi iliyokuwa ya mkono mmoja ikafanywa na sindano nyingi kwa mara moja. Siku hizi mchoro hupangwa kwanza katika kompyuta, ambayo huiamuru sindano ipite wapi na kwa mwelekeo gani, kwa kuwa uzi ukilazwa upande huu hung'aa na ukilazwa upande mwingine hufifia. Mwisho ukingo huzungushiwa uzi mnene ili kitambaa kisifumuke. Aliyewahi kumtazama mshonaji wa kofia za viua huko Unguja au Lamu ataitambua subira hiyo, ingawa mshonaji wa kofia ana hiari ya kuchagua ua alipendalo, na mtarizi wa beji hana ruhusa ya kuongeza hata nyota moja.

Nimeziona nembo nyingi za kijeshi zilizojaa simba, mapanga na radi, kila moja ikijisifia ukali wa wenyewe. Hii ya New York imewapa nafasi ya katikati watu ambao hawakuwa wanajeshi, na sifa za vita ikazitosheleza kwa nyota tatu. Na kwa sababu hiyo naihesabu kuwa miongoni mwa nembo zenye adabu kuliko zote zilizopata kushonwa kwenye vazi la baharia.