Kiki au Kitufe: Pikipiki Kuukuu katika Mchanga wa Garissa

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii ni ya mabaharia, lakini mimi nimeiona ikifaa sana Garissa, mji usio na bahari, wenye mto Tana na mchanga usiokwisha.

Mpenzi msomaji, ukitoka pwani ukapita Garsen na Hola hadi ukaingia Garissa, utazikuta pikipiki kila upande. Tangu mwaka 2008, serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, chombo hiki kimeenea Kenya nzima. Huko Kaskazini Mashariki hakuna fahari katika kukipanda, ni haja tu. Mfugaji humfuatia ngamia wake kwa pikipiki, mchuuzi hubebea maji, na mama aliyeshikwa na uchungu usiku, mbali na barabara kuu, mara nyingi hana gari jingine.

Basi swali la namna ya kuiwasha si la mchezo. Je, ni bora kubonyeza kitufe, au kukanyaga kiki?

Kitufe kina historia ndefu. Mwaka 1912 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilitoa gari la kuwashwa kwa umeme, kazi ya mhandisi Charles Kettering, na watu wakaanza kusahau hendeli ya kuzungusha iliyowavunja wengi mikono. Mwaka 1969 Honda ya Japani ikatoa CB750, pikipiki kubwa yenye kitufe, lakini kiki haikuondolewa. Mwaka 1976 kampuni hiyohiyo ikatoa CG125, iliyotengenezwa makusudi kwa nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na kuhudumiwa kwa nadra. Hiyo ilitegemea mguu wa mwenyewe.

Nilipokaa na fundi mmoja wa Garissa, kijana aliyeniita "adeer" kwa heshima ya umri wangu, alinieleza jambo ambalo sisi wa pwani hatulioni. Kwetu adui wa umeme ni chumvi ya bahari, inayokula vichwa vya waya. Kwao adui ni joto na vumbi. Joto hukausha maji ya betri mpaka bamba za ndani zikabaki wazi, na mtikisiko wa njia mbovu hulegeza kilichobaki. Vumbi nalo hula kaboni za stata. Ikumbukwe kuwa stata hutaka umeme mwingi kwa mara moja, kupita taa na honi. Kwa hiyo betri dhaifu itawasha taa vizuri, lakini ukibonyeza kitufe utasikia tk-tk-tk tu.

Wa mjini atasema: sukuma, tia gia ya pili, achia klachi. Naam, juu ya lami. Katika mchanga mlaini gurudumu huburuzika bila kuzunguka, na msukumaji hubaki na jasho lake. Hapo ndipo kiki huonyesha thamani yake. Pikipiki nyingi kuukuu zina magneto inayotoa cheche kwa mzunguko wa injini yenyewe, na huwaka hata betri ikiwa imekufa kabisa.

Hata hivyo, tusiwadharau wapendao kitufe. Kiki inataka goti zima na mwili mwepesi. Mzee mwenye baridi yabisi, mama aliyevaa buibui, au dereva aliyefunga madumu manne ya maji nyuma hawezi kusimama juu ya chombo akakanyaga kwa nguvu. Tena kiki ikirudi kwa ghafla huweza kuumiza kifundo cha mguu. Kitufe kimewafungulia njia watu waliokuwa wakibaki nyumbani, na hiyo ni neema kubwa.

Kwa maoni yangu, anayenunua pikipiki kuukuu kwa safari za huko achague yenye vyote viwili. Zipo za siku hizi zisizo na kiki kabisa, na zipo zinazopewa mafuta kwa pampu ya umeme, ambazo betri ikifa hata mguu hausaidii. Hizo ni za mji wenye fundi kila kona.

Mwenye vyote viwili na avitunze vyote. Asubuhi injini ikiwa baridi, aanze kwa kiki, apumzishe betri. Betri ya maji aikague mara kwa mara na aiongeze maji yaliyotoneshwa, wala asitie ya kisima, maana chumvi yake huharibu bamba. Vichwa vya waya avisafishe na kuvipaka grisi. Kitufe asikishikilie muda mrefu, bali abonyeze kidogo, angoje, kisha arudie. Na kiki aitumie hata kama hana haja nayo, isije ikashika kutu siku ya haja.

Sisi tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Pikipiki nayo ina kamba yake. Kabla ya kumpakia mgonjwa na kuiacha lami, hakikisha kile chuma cha ubavuni bado kinazungusha injini.