SOMO LA LEO: VITU VIDOGO MNO, LIPI KWELI NA LIPI HADITHI?

Leo tutazungumza juu ya elimu ya vitu vidogo mno, ambayo wataalamu huiita nanoteknolojia. Wengine husema elimu hii itaponya kila maradhi. Wengine husema itaangamiza dunia. Haya, natutazame.

Kwanza tujue kipimo. Chukua rula, utazame milimita moja. Ukiigawa mafungu milioni moja yaliyo sawasawa, kila fungu ni nanometa moja. Unywele wa mtu una unene wa nanometa 80,000 hivi.

Je, udogo una faida gani? Jibu mnalo jikoni. Karafuu nzima ukiitia katika chai hutoa ladha polepole. Ukiitwanga, hutoa upesi, kwa sababu maji yanaigusa mahali pengi zaidi. Sasa tuseme una kipande chenye pande 6, kila upande sentimita 1 kwa 1. Ukikikata vipande vya nanometa moja moja, pande za vipande vyote pamoja hupata eneo la mita 6,000 za mraba, yaani karibu kama kiwanja cha mpira cha Gombani! Kitu ni kile kile, ila nafasi ya kufanyia kazi imezidi mno.

Sasa hadithi. Mwaka 1986 Mmarekani Eric Drexler aliandika kitabu juu ya vijimashine visivyoonekana, vyenye kujenga kitu chochote kwa kupanga chembe moja moja. Alionya kwamba vikizaana bila ya mpaka vingeweza kuila dunia. Watunga hadithi wakaipenda habari hiyo. Lakini Richard Smalley, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1996, aliipinga. Alisema vidole vya mashine hiyo vingekuwa vinene mno, tena chembe zingeganda navyo, kama utomvu wa fenesi unavyoganda mkononi. Mpaka leo mashine hiyo haipo.

Ya kweli ni madogo zaidi, lakini yana manufaa. Huko Arusha maji ya mahali pengi yana madini ya floraidi kupita kiasi. Huharibu meno na mifupa. Daktari Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko huko, alitengeneza chujio la mchanga pamoja na vitu vya kipimo cha nanometa, vyenye fedha ndani yake. Mwaka 2015 alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika itolewayo na wahandisi wa Uingereza, paundi 25,000. Vile vile, baadhi ya chanjo za Uviko-19 zilibebwa katika vitone vya mafuta vya nanometa 100 hivi. Vitone hivyo havina macho wala masikio; kazi yake ni kuifikisha dawa salama.

Basi tusiikatae elimu hii kwa uvumi, wala tusitoe fedha zetu kwa kila mwenye kuitaja. Chujio la floraidi si lazima liondoe chumvi ya kisima cha pwani. Muuzaji akija, mwulizeni: Linaondoa nini? Nani amelipima? Likichoka, sehemu mpya itapatikana wapi, kwa bei gani? Asipojibu, shikeni fedha zenu, na endeleeni kuchemsha maji ya kunywa. Kuchemsha huua vijidudu, ingawa hakuondoi floraidi wala chumvi.

MASWALI YA DARASA
1. Nanometa ni nini?
2. Kwa nini karafuu iliyotwangwa hutoa ladha upesi?
3. Maji ya kisima chenu yana tabu gani? Ni chujio la namna gani lingefaa?