Choki Inayojivuta Yenyewe

Wengi wetu hapa Mtambile tumepata kumwona mtu akiwasha pikipiki au jenereta ya petroli asubuhi. Kwanza husogeza kijiti kidogo kilicho ubavuni mwa kabureta, kisha huwasha, na injini ikishapata moto hukirudisha kijiti mahali pake. Kijiti hicho ndicho choki. Katika makala haya nitaeleza kazi yake, na jinsi Waingereza walivyoyawekea baadhi ya magari yao choki isiyohitaji mkono wa mtu, na kwa nini chombo hicho huweza kuleta hasara katika nchi ya joto kama kisiwa chetu.

Yafaa tujue kwanza kuwa injini haichomi petroli ya majimaji. Huchoma mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, na kipimo kizuri ni kama sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Kazi ya kuchanganya ni ya kabureta. Lakini injini ikiwa baridi, petroli nyingi haigeuki mvuke, bali hubaki matone yaliyonata njiani. Mvuke unaofika ndani ya silinda huwa haba, na cheche ya plagi haipati cha kuwasha. Dawa yake ni kupunguza hewa au kuzidisha petroli kwa muda mfupi. Choki nyingi ni kibati kinachoziba mlango wa hewa. Kabureta za SU, kama ile ya Morris Minor, hazina kibati hicho; dereva akivuta kitufe, kibomba cha petroli hushuka, na petroli hupita kwa wingi zaidi.

Basi, mwenye kuvuta aweza kusahau kurudisha. Ndiyo sababu Land Rover nyingi za zamani ziliwekewa taa ndogo ya manjano: injini ikipata moto na choki ingali imevutwa, taa huwaka kumkumbusha dereva. Mafundi wengine walitaka kwenda mbele zaidi, choki ijirudishe yenyewe.

Njia ya kwanza ilikuwa kutumia madini mawili. Fimbo ya shaba ya manjano yenye urefu wa mita 1, ikizidishiwa joto kwa nyuzi 100, huongezeka urefu kwa milimita 1.9 hivi, ya chuma huongezeka 1.2 tu. Ukiunganisha vibamba viwili vya namna hiyo mgongo kwa mgongo, ukavitia moto, havina budi kupinda. Kibamba hicho kikizungushwa mfano wa utepe wa saa, hukaza kibati cha choki kikiwa baridi, na hukilegeza kadiri injini inavyopata moto.

Njia ya pili ilitumika katika Jaguar XK120, gari iliyoonyeshwa London mwaka 1948. Mbali na kabureta zake mbili, ilikuwa na kabureta ndogo ya kuwashia, iliyofunguliwa kwa umeme. Swichi yake ilipima joto la maji ya injini, na maji yakifika nyuzi 35 hivi, ilikata umeme.

Hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Uingereza asubuhi ya baridi kali maji huganda, na msaada huo ni wa lazima. Pemba, injini iliyolala usiku kucha huamka na nyuzi kama 25. Kwa swichi ya 35, hiyo nayo ni baridi, na swichi haijui nusu: hufungua yote au hufunga yote. Kwa hiyo humwaga petroli kana kwamba nje kuna barafu. Na swichi ikikwama, petroli huendelea kumwagika hata injini ikiwa moto. Moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, hata vyuma vikalika. Wenye magari ya namna hiyo wengi wameongeza swichi ya mkono, ili waamue wenyewe. Ile ya madini mawili huwa na kifuniko kinachoweza kuzungushwa kidogo, choki iwahi kufunguka.

Magari ya siku hizi hayana kabureta. Kompyuta hupima joto na kugawa petroli kwa kiasi. Lakini pikipiki na jenereta nyingi zingali na choki ya mkono, na hasara ya kuisahau ni ile ile. Petroli yetu huvuka bahari, nasi huinunua kwa bei kubwa. Tena, mchanganyiko wenye petroli nyingi huzidisha ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu vyumbani wakiwa wamelala. Choki ikiwa wazi au imefungwa, jenereta isiwashwe kamwe ndani ya nyumba.

Wenzangu, chombo hiki hakikuwa kibovu. Kilipimiwa baridi ya kwao. Ukipewa mtambo wowote uliotoka mbali, uliza kwanza ulitengenezewa hali gani ya hewa, ndipo uamue kuurekebisha au kuuacha ulivyo.