Kabla mtoto hajavuka mpaka na njumu zake

Jumamosi jioni, katika miji mingi ya mpakani, uwanja wa shule ya msingi hujaa watu. Wamo wauza mitumba waliofunga vibanda mapema, madereva wa malori wanaongoja karatasi za forodha, na vijana wa bodaboda wanaobishania penalti. Mvulana wa miaka 13 akipiga chenga mbili na kufunga bao, hakosekani mtu wa kuuliza, "Huyu mtoto wa nani?" Kabla ya magharibi, mgeni huyo ameshamfikia mzazi na ahadi zake: ng'ambo kuna akademi yenye uwanja wa nyasi na mabweni, na mawakala wa Ulaya hupita pale kutazama vijana. Kinachotakiwa ni ada ya kujiandikisha na nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Mfanyabiashara wa mpakani huwa mwepesi kukubali kuliko mzazi wa Dodoma au Nakuru. Kwake ng'ambo si ugenini. Vitunguu hununua upande huu na kuviuza upande ule, na Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu Julai 2010. Tatizo ni kwamba usajili wa wachezaji hauendeshwi kwa itifaki hiyo. Katika vitabu vya FIFA, Namanga ya Kenya na Namanga ya Tanzania ni nchi mbili tofauti, sawasawa na Kenya na Uhispania.

Kanuni ya 19 ya FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji inasema mchezaji hahamishwi kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla hajatimiza miaka 18. Mtoto anayesajiliwa kwa mara ya kwanza katika nchi ambayo si yake naye anabanwa na kanuni hiyo, isipokuwa kama ameishi humo miaka 5 mfululizo. Na kuanzia umri wa miaka 10, kila anayevuka anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa.

Ipo milango michache, na miwili kati yake inawahusu moja kwa moja watu wa mpakani.

Wa kwanza ni wa wazazi waliohama kwa sababu zisizohusiana na soka. Mama aliyehamishia duka lake la nafaka Tororo na kupanga nyumba huko anaweza kuomba mwanawe asajiliwe na klabu ya Uganda. Ila ni lazima maisha yenyewe yawe yamehamia huko kweli, kwa leseni ya biashara, kibali cha ukaazi na barua ya shule. Kukodi chumba baada ya klabu kumpata mtoto ni ujanja ambao FIFA imeujua zamani.

Mlango wa pili ni wa umbali. Mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani anaweza kusajiliwa na klabu ya nchi jirani iliyo nayo ndani ya kilomita 50 kutoka mpaka huo, mradi kati ya nyumba na klabu kusizidi kilomita 100. Mvulana wa Taveta na klabu ya Moshi wanaingia katika kipimo hicho. Mvulana wa Namanga na klabu ya Arusha mjini hawaingii, hata kama basi ni moja tu. Kuna masharti mengine mawili ambayo wanaokusanya watoto huyaruka: mtoto aendelee kulala kwao, na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali waziwazi. Kwa hiyo akademi ya bweni ng'ambo haiwezi kupita kwenye mlango huu. Ombi lenyewe hupelekwa FIFA na shirikisho la nchi ya klabu mpya, yaani TFF, FKF, FUFA au wenzao. Kocha anayesema "hayo niachie mimi" aulizwe barua ya shirikisho iko wapi.

Kanuni hizi hazikutungwa kwa ajili ya klabu ndogo peke yake. Mwaka 2014 Barcelona ilifungiwa kusajili kwa madirisha mawili kwa kuwachukua watoto kinyume cha taratibu. Barcelona ililipa faini na ikaendelea kucheza. Anayeumia zaidi ni mtoto wa miaka 14 aliyekaa msimu mzima mazoezini bila kadi ya usajili, asiyeweza kuchezeshwa katika ligi yoyote inayotambuliwa, huku nafasi yake darasani nyumbani imepotea. Akivunjika mguu, hata bili ya hospitali haina mwenyewe.

Wengine hutafuta njia ya mkato kwenye cheti cha kuzaliwa, wakampunguzia kijana miaka au wakambadilishia uraia. Tanzania inalijua deni hilo: timu yake ya vijana chini ya miaka 17 ilifuzu fainali za Afrika za 2005, kisha ikaondolewa kwa udanganyifu wa umri. Kijana akiwa na tarehe mbili za kuzaliwa kwenye makaratasi, zitakutana siku moja kwenye meza ya usajili.

Kwa mzazi anayechagua klabu, basi, swali la kwanza si nyasi wala jezi. Ni hili: jina la mtoto litaandikwa kwenye daftari la nani? Klabu iliyo chini ya shirikisho ina sababu ya kibiashara ya kumlea vizuri. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu alizochezea kati ya miaka 12 na 23. Akiuzwa kwa euro 1,000,000, fungu hilo ni euro 50,000: kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 una euro 2,500, na kila mwaka kuanzia 16 una euro 5,000. Kwa klabu ya mtaani hizo ni fedha za maana. Akademi isiyosajiliwa popote haina mgao huo wa kuutarajia, na hapo mzazi ajiulize itapata wapi faida yake kama si kwenye ada anayolipa yeye.

Baada ya hapo ndipo aende uwanjani, tena bila taarifa, siku ya mazoezi na si ya mechi. Mipira ihesabiwe: watoto 40 wakigombea miwili, wengi wanajifunza kusubiri foleni. Kocha aonyeshe leseni yake ya CAF, hata kama ni ya daraja D. Mzazi atazame pia wale wasiojua sana, kama wanapewa dakika za kucheza au wanaokota mipira tu, maana mfungaji wa leo akirefuka ghafla na kupoteza wepesi naye atakaa pale. Kila malipo yawe na risiti. Na akija mtu anayejiita wakala, orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya FIFA. Kulitafuta jina lake ni kazi ya dakika mbili.

Wapo watakaosema kusubiri hadi miaka 18 ni kuchelewa. Mbwana Samatta alikulia Mbagala, Dar es Salaam, akapitia African Lyon na Simba. Alivuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2011, akiwa na miaka 18. Januari 2016 alikuwa Genk ya Ubelgiji, na miaka minne baadaye Aston Villa ya Uingereza.