Usiache mbachao kwa msala upitao

Hapana mwenyeji wa Rungwe asiyeijua sauti ya pikapu kuukuu inayopanda mlima alfajiri, imesheheni mikungu ya ndizi na madumu ya maziwa, huku mvua ikinyesha. Magari hayo ndiyo yanayoliunganisha shamba na soko. Lakini mengi yamekwisha choka, na swali ambalo jana halikuwako leo linaulizwa vikaoni: je, fedha iliyopo itengeneze gari la zamani, au liuzwe na kununuliwa la umeme?

Hivi karibuni tulihudhuria kikao cha kikundi kimoja cha wakulima wa ndizi, si mbali na mji wa Tukuyu. Pikapu yao ya dizeli inakula oili na kutoa moshi mwingi. Fundi ameshauri injini ifunguliwe, ringi za pistoni na gasketi zibadilishwe, na ametaja shilingi milioni 3. Vijana walisimama wakasema kuwa fedha hiyo isimwagwe katika chuma chakavu, bali iwe mwanzo wa kununua gari dogo la umeme lililotumika, kutoka Japani. Mzee mmoja akawaasa: "Wanangu, usiache mbachao kwa msala upitao." Kijana akamjibu kwa adabu: "Ni kweli, baba, lakini mbacha wetu umetoboka." Kikao kikaahirishwa bila uamuzi.

Yafaa tuseme wazi kwamba vijana wana hoja. Kwenda Mbeya na kurudi Tukuyu ni kilomita 140 hivi. Pikapu inayotumia lita 11 kwa kila kilomita 100 itakunywa lita zaidi ya 15. Kwa bei ya mwaka 2024, iliyozunguka shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni shilingi 45,000 na ushei. Gari dogo la umeme hutumia uniti 18 hivi kwa kilomita 100, na katika mwaka huo uniti moja ilimgharimu mteja wa kawaida takriban shilingi 356 pamoja na kodi na tozo. Safari hiyo hiyo isingefika shilingi 10,000. Aidha, mota haina oili ya injini wala ringi za pistoni, na gari linapoteremka mlima mota hiyo hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme katika betri.

Tena umeme huo ni wetu. Mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ina uwezo wa megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kuzalisha mwezi Februari 2024. Mafuta, kinyume chake, tunayanunua ng'ambo kwa fedha za kigeni. Wazee wetu hawajasahau miaka ya shida ya mafuta, ambapo magari ya watu binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa 8 mchana.

Hata hivyo, hoja njema haitoshi kuhalalisha kila ununuzi. Gari la umeme ambalo mtu wa kipato cha kawaida huweza kulifikiria ni lile lililokwisha tumika miaka mingi. Tuchukue mfano wa Nissan Leaf, lililoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010. Betri yake ya kwanza ilikuwa ya uniti 24, na kipimo rasmi cha Marekani kililipa masafa ya kilomita 117 likiwa jipya. Betri hiyo haipozwi kwa maji, na hupungua nguvu kwa umri na joto. Ikipoteza theluthi moja, zitabaki kilomita 80 hivi katika barabara njema. Gari hilo litafika Mbeya, lakini halitarudi siku hiyo hiyo bila kuchajiwa kwa saa nyingi.

Kisha ipo milima. Kuliinua gari la tani moja na nusu kutoka Kyela hadi Tukuyu, kimo cha mita 1,000 hivi, huhitaji uniti 4 za nishati tupu, mbali na zile za mwendo wenyewe. Hiyo ni robo ya akiba ya betri iliyochoka. Ongeza mikungu ya ndizi, matope ya masika, na umeme unaokatika wakati wa radi, nawe utaona kwamba msala huu bado unapita.

Rai yetu kwa kikundi kile ni hii. Kama chesisi ni nzima, injini itengenezwe, nayo pikapu iendelee kubeba mizigo. Kama chesisi imeliwa na kutu, basi wasitie hata senti, kwa maana injini mpya haiponyi mwili uliooza. Umeme nao uanze pale unapofaa sasa: katika pikipiki na bajaji za safari fupi za mjini Tukuyu, Kiwira na Katumba, ambazo hurudi nyumbani kila jioni. Na atakayenunua gari la umeme lililotumika asilipe kabla ya kuona kipimo cha afya ya betri. Katika Leaf kipimo hicho kina alama 12 ubaoni mwa dereva, na kila iliyokosekana ni kilomita zilizokosekana.

Serikali na chama navyo vina wajibu. Mwaka 2024 Ethiopia ilizuia kuingizwa kwa magari binafsi ya petroli na dizeli. Sisi hatuna haja ya kukurupuka, lakini tusikubali pia kugeuzwa jaa la betri zilizokwisha kwingine. Betri zipimwe bandarini kama breki zinavyopimwa. Vyuo vya ufundi vifundishe vijana kuzifungua na kuzitengeneza. Kaskazini mwa nchi yetu, tangu mwaka 2018, yameonekana magari ya watalii yaliyotolewa injini ya dizeli na kufungwa mota na betri, bodi ikibaki ile ile. Taifa lililoanzisha Shirika la Nyumbu kule Kibaha mwaka 1985, likaunda lori lake lenyewe, haliwezi kushindwa kujifunza kazi hiyo.

Siku fundi wa Tukuyu atakapoweza kuifungua betri kama anavyoifungua injini leo, mzee yule na kijana yule hawatakuwa na ugomvi. Mbacha utawekwa kando kwa heshima, kwa kuwa msala utakuwa umefika na kutandikwa.