Je, Wajua? Dhahabu ya Kwanza ya Zimbabwe Ililetwa na Wanawake wa Magongo

Kule Masasi na Newala, ambako msichana akitajiwa michezo hufikiria netiboli kwanza, jina la Ann Grant linastahili kujulikana. Ndiye nahodha aliyeiongoza Zimbabwe kutwaa dhahabu ya mpira wa magongo wa wanawake, Olimpiki ya Moscow, 1980. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kucheza magongo Olimpiki, na nchi yake ilikuwa na miezi michache tu ya uhuru.

Mataifa mengi yalisusia michezo ile, hivyo Zimbabwe ikaalikwa zikiwa zimebaki wiki chache. Wachezaji wake walizoea nyasi. Moscow wakakuta uwanja wa nyasi bandia. Hata hivyo hawakufungwa mechi yoyote kati ya tano! Waliwalaza wenyeji, Wasovieti, 2-0, na siku ya mwisho wakaichapa Austria 4-1. Kususia kwa wengine hakupunguzi thamani ya ushindi huo hata kidogo.

Tanzania nayo ilikuwepo: wanaume wetu walicheza magongo huko huko, wakamaliza wa sita kati ya timu sita.

Kaka yake Ann, Duncan Fletcher, baadaye alikuwa nahodha wa kriketi wa Zimbabwe kwenye Kombe la Dunia la 1983.