Fahamu: Bei mbili za petroli kwenye programu za madereva

Ni nini?
Programu kama GasBuddy hukusanya bei za mafuta zinazoripotiwa na madereva wenyewe. Nchini Marekani, vituo vingi hutoza zaidi anayelipa kwa kadi ili kufidia ada ya benki. Ripoti isiyotaja njia ya malipo hupotosha.

Je, hali ikoje Kamenu, mjini Thika?
Kenya imeweka kikomo cha bei za mafuta tangu Desemba 2010. Kila tarehe 14 ya mwezi, EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya juu zaidi kwa miji mbalimbali, Thika ukiwemo.

Kwa nini ni muhimu?
Kikomo hicho hakijali njia ya malipo. Ulipe taslimu, kwa M-Pesa au kwa kadi, lita haipaswi kukipita.